Je, Wajua? Walilipia Nafasi ya Sifuri
Katika mchezo wa video wa MapleStory wa Korea Kusini, wachezaji walinunua vijisanduku vya kubahatisha ili waongeze nguvu za silaha zao. Kuanzia 2011, kampuni inayoumiliki, Nexon, ilishusha nafasi ya kupata baadhi ya nguvu zilizotamaniwa zaidi hadi sifuri, kimyakimya. Watu wakaendelea kulipia kisichokuwamo hadi 2021!

Januari 2024 Nexon ikatozwa faini ya won bilioni 11.6. Machi, sheria ikalazimisha michezo mingi nchini humo inayouza vitu vya kubahatisha, hata ya simu, itangaze nafasi hizo. China ilitangulia, 2017.

Lakini hata tarakimu iliyotangazwa huwahadaa wengi. Nafasi ikiwa asilimia 1, kati ya watu 100 wanaonunua mara 100 kila mmoja, takriban 37 hutoka mikono mitupu.