Sahani Hairudi Tupu

Mgeni mmoja aliyepanga jirani yetu hapa Ng'ambo, Unguja, aliniuliza kwa huruma kwa nini watoto wetu wanatumwa kuomba chakula. Wakati wa Ramadhani alikuwa akiwaona magharibi ikikaribia, sahani mikononi, wakipiga hodi nyumba hadi nyumba. Nikamjibu: hawaombi, wanapeleka. Jibu lilikuwa kweli, ila lilikuwa fupi mno, na limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Katika mila na urithi wetu, sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi na milango ya Mji Mkongwe vina wasemaji wake. Mimi naitetea sahani.

Futari ikiiva, cha kwanza kupakuliwa ni cha jirani: muhogo wa nazi, tambi, au vipande viwili vya mkate wa kumimina. Sahani inafunikwa kawa, anakabidhiwa mtoto: "Shika kwa mikono miwili, usikimbie, sema mama anakusalimia." Kwa nini mtoto? Kwa sababu mtu mzima akipiga hodi saa hiyo ni ugeni. Mwenye nyumba atatafuta ushungi, atatandika mkeka, ataona haya jiko lake likionekana limepoa. Mtoto hupita moja kwa moja mpaka uani, akaweka, akasalimia, akaondoka. Na sahani hairudi tupu. Jirani hutia alicho nacho: vitumbua, ndimu mbili, hata chumvi.

Mwaka 2020 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Ndege za kimataifa zilikuwa zimesitishwa kwa ajili ya korona, watalii hawapo, skuli zimefungwa. Waliokuwa wakifanya kazi mahotelini, Nungwi na Paje, walirudi majumbani mikono mitupu. Mtaani kwetu sahani zikapungua. Haukuwa uchoyo. Watu waliogopa kumwekea jirani deni ambalo hatoweza kulilipa.

Nyuma yetu alikaa bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akilishwa na mwanawe mpishi wa hoteli. Jioni moja nilimtuma binti yangu, wakati huo ana miaka minane, ampelekee bakuli la mbatata za nazi. Alikawia. Aliporudi, bakuli lilikuwa limejaa asmini, mbichi, bado zina matone ya maji.

"Bibi anakushukuru, anasema zile asmini ulizoomba ndizo hizi."

Mimi sikuomba asmini. Nilipomuuliza, aliinamisha kichwa. "Bibi alikuwa anafungua makopo, moja moja, anatafuta cha kutia. Hayana kitu. Nikamwambia mama anataka asmini."

Adhana ikaadhiniwa nimesimama na lile bakuli. Mimi mtu mzima nilifikiria njaa ya bibi; mtoto aliiona haya yake. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alifundishwa na njia ile ya kwenda na kurudi, tangu alipoweza kushika sahani bila kumwaga.

Ndiyo maana naumia nikiona njia hiyo inazibwa. Nyumba mpya zina mageti, na mtoto hawezi kupita mpaka uani. Futari inaagizwa kwa simu, inaletwa na bodaboda. Anayebahatika kuletewa na jirani huletewa katika kopo la plastiki, na kopo la plastiki halirudishwi, kwa hiyo halirudi na kitu. Tunasema tumerahisisha. Tumemnyang'anya mtoto darasa lake, kisha tunalalamika kuwa watoto wa siku hizi hawana huruma. Huruma wanayo. Wapeni sahani.

Binti yangu sasa ni mkubwa, sahani inabebwa na mdogo wake. Ramadhani ijayo nitamtuma kwa yule mgeni. Najua atahangaika jikoni, hajui arudishe nini. Mwanangu atajua cha kumuomba. Dada yake keshamweleza.