Mpira wa shangazi usiguswe!

Shangazi alipotolewa titi kwa ajili ya kansa, alirudi nyumbani ananing'iniza kichupa kwenye mpira uliotoka ubavuni. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, hebu nichomolee hiki kidude, wageni wananishangaa." Nusura nikubali!

Bahati nesi alishanieleza. Titi likitolewa, chini ya ngozi panabaki uwazi, maji ya mwili yanajikusanya humo. Mpira ndio unayavuta. Ukiutoa mapema yanajaa, kidonda kinachelewa kupona. Kwa kawaida madaktari husubiri yapungue chini ya mililita 30 kwa siku. Basi nikawa napima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari: 110, 80, 45... Mikono nanawa kwanza, jamani!

Ndoo za maji, marufuku. Kuchana nywele kwa mkono ule, ruksa, ila taratibu.

Mpira ulipotoka, kwapani pakavimba kama puto. Hakuwa na homa, wekundu wala usaha, maana hapo ni kukimbia hospitali siku hiyo hiyo. Jirani akaja na sindano ya kushonea, eti atoboe. Wee! Nilimtoa mbio. Daktari aliyavuta kwa sindano yake safi, dakika chache tu, na shangazi akaanza kuuliza wageni wa Jumapili watapikiwa nini.