Mwisho wa Pili Haupatikani kwa Kufuta Gemu

"Nimemaliza gemu, nimepata mwisho mbaya, wote wamekufa. Nikiifuta kwenye simu nikaiweka upya, nitapata mwisho mzuri?"

Hapana.

Ningeishia hapo kama ujumbe wa aina hii ungekuwa wa kwanza. Lakini umekuja tena, safari hii kutoka Mabwerebwere, wilayani Kilosa, kwa kijana ambaye alikwishafuta kabla ya kuuliza. Aliipakua upya kwa bando la usiku, akacheza hadi alfajiri, akafika palepale: wote wamekufa. Sasa anataka kujua kama tatizo ni simu yake. Simu yake ni nzima. Kibovu ni ushauri aliopewa, na ushauri huo umeshazunguka kiasi kwamba nimeamua kuupa nafasi karibu yote ya safu hii.

Tunazungumzia gemu za hadithi, zile ambazo mtu anasoma kuliko anavyopigana: wahusika wamesimama kwenye picha, maneno yanapita chini, na kila baada ya muda unaambiwa uchague la kusema au la kufanya. Wanaozicheza hawahitaji nieleze zaidi. Wasiozicheza wamuulize mtoto wa jirani.

Imani yenyewe iko hivi. Gemu "imekuzoea". Imeshika majibu yako ya mwanzo, kwa hiyo itakuburuta kwenye mwisho uleule mpaka uisahaulishe, na dawa ya kuisahaulisha ni kuifuta na kuiweka upya. Wengine huongeza kwamba lazima uzime simu katikati. Wapo pia wanaokwenda kwenye mipangilio ya Android na kubonyeza sehemu ya kufuta data, wakidhani hiyo ni njia ya kistaarabu zaidi. Ni uharibifu uleule kwa jina jingine.

Tuanze na jambo ambalo nashangaa bado linahitaji kusemwa: mwisho unaletwa na chaguzi zako, na gemu haikuzoei. Mwandishi ameweka alama za siri. Ukimjibu mhusika fulani kwa ukali, alama zake zinashuka. Ukienda naye sokoni badala ya kubaki nyumbani, zinapanda. Hadithi ikifika kwenye njia panda, programu inatazama alama hizo na kukupeleka upande mmoja. Hakuna bahati nasibu wala kinyongo. Ukiingiza majibu yaleyale, mwisho ni uleule, hata ukiifuta gemu kila Ijumaa. Nilipomuuliza kijana wa Mabwerebwere alichagua nini mara ya pili, alijibu kwamba alichagua kama mwanzo, kwa sababu "hayo ndiyo majibu ya busara". Basi busara yake ndiyo iliyowaua wale watu, mara mbili.

Kosa la pili, dogo lakini limeenea, ni kubadilisha uchaguzi wa mwisho pekee. Mtu anarudi kwenye swali la mwisho, anachagua jibu jingine, mwisho haubadiliki, anasema gemu ni feki. Mara nyingi hesabu ilishafungwa saa mbili nyuma, na huenda ilifungwa mahali ambapo hata hukuona swali. Katika Steins;Gate, gemu ya Kijapani ya mwaka 2009, kinachohesabiwa ni simu unayopokea au kuiacha iite, na ujumbe unaoujibu au kuupuuza. Hakuna anayekusimamisha kukwambia kwamba hapa ndipo unapoamua.

Sasa nije kwenye kufuta kwenyewe, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Sehemu kubwa ya gemu hizi, hasa za bure zinazotungwa na watu wadogowadogo, zimejengwa kwa Ren'Py, zana ya bure aliyoitoa Mmarekani Tom Rothamel mwaka 2004. Kwenye kompyuta ya Windows, Ren'Py huweka sevu zako na kumbukumbu ya kudumu kwenye folda ya mtumiaji, nje ya folda ya gemu. Kwa hiyo ukifuta gemu na kuiweka upya, hujafuta kitu. Inaamka inakumbuka kila kilichotokea. Kwenye simu ya Android mambo ni kinyume. Kumbukumbu hukaa ndani ya eneo la programu yenyewe, na ukiiondoa programu, Android inasafisha na eneo lake. Kwa maneno mengine, dawa hii kwenye kompyuta haifanyi kazi na kwenye simu inaua mgonjwa. Hakuna kifaa ambacho inaponya.

Na kinachokufa ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza ni rekodi ya maneno uliyokwisha kuyasoma. Kitufe cha Skip kwenye Ren'Py, kama hukukigusa kwenye mipangilio, huruka maandishi uliyosoma tu na kusimama kikikutana na sentensi mpya. Hiki ndicho chombo chenyewe cha kutafutia mwisho wa pili: unaruka yote unayoyajua, unasimamishwa penye jambo geni, unasoma, unaruka tena. Ukifuta, gemu inakuona mgeni, na kitufe hakina pa kuruka. Utasoma utangulizi wote upya, neno kwa neno, kile kipande cha shule na kile cha kifungua kinywa. Halafu unaniandikia kwamba gemu hizi zinachosha.

Pili ni orodha ya miisho uliyoifikia, na hapa hasara inageuka kuwa kizuizi. Gemu nyingi hazikufungulii njia ya pili mpaka zione umemaliza ya kwanza. Kuzifuta ni kuchana daftari la madeni la dukani baada ya kulipa, kisha kulalamika kwamba mwenye duka hakumbuki kama ulilipa. Fate/stay night ya mwaka 2004 ina njia tatu, na katika toleo la asili zinafunguka kwa zamu: bila kumaliza ya kwanza huioni ya pili, bila ya pili huioni ya tatu. Clannad, ya mwaka huohuo, inakutaka ukusanye mianga kutoka kwenye hadithi za wahusika mbalimbali kabla haijakupa sehemu yake ya mwisho, ambayo ndiyo watu wanaililia. Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2009, ina miisho sita, na ule wa kweli haufunguki mpaka uwe umepitia mwisho mwingine maalumu kabla yake. Ukikosa kuupitia, unafika kwenye jeneza na hadithi inakukatikia hapo. Aliyeitunga alitaka ukumbuke. Hadithi nzima imesimama juu ya mtu anayejua jambo ambalo hakupaswa kulijua. Halafu mtu anakuja na ushauri wa kufuta.

Mtindo huu wa gemu kumkumbuka aliyeimaliza ni wa zamani. Otogirisō ya kampuni ya Chunsoft, iliyotoka kwa mashine ya gemu ya Super Famicom mwaka 1992, ilikuwa tayari inaongeza chaguzi mpya kwa aliyeimaliza na kurudi. Kurudia kuliwekwa ndani ya gemu hizi tangu siku za mwanzo.

Nadhani najua imani hii imetoka wapi, na nitakuwa muungwana kuitaja. Ipo gemu moja mashuhuri, Doki Doki Literature Club!, iliyotolewa bure kwa kompyuta Septemba 2017. (Ina picha za wasichana wachangamfu na si ya watoto hata kidogo, yale maonyo ya mwanzoni yasomeni.) Hiyo huharibu sevu zako kwa makusudi, inakulazimisha uingie kwenye folda yake na kufuta faili la mhusika, na ukishaimaliza haianzi tena mpaka uiweke upya au ufute faili moja dogo. Watu wameicheza, wameona kufuta kunafanya kazi, wakaigeuza kanuni ya gemu zote. Lakini tazama kinachotokea hata hapo: ukishaiweka upya, inakwambia imekuta sevu za zamani na inakuuliza kama uzifute. Ilikuwa inakumbuka muda wote. Zaidi ya hapo, mwisho wake mwema kuliko yote unahitaji usevu na kurudi nyuma ili uwe na kila msichana katika sehemu ya kwanza, kabla mambo hayajaharibika. Anayefuta na kuanza upya kila mara hataufikia.

Bado kuna tawi jingine la uganga huu, la vibandani, pale wanaporushia watu muvi na nyimbo kwenye memori kadi. Unaambiwa kuna gemu "iliyofunguliwa yote", njia zote wazi, unarushiwa kwa Xender, unalipa. Programu za Android husainiwa na aliyezitengeneza. Iliyochezewa ina saini nyingine, kwa hiyo simu itakataa kuiweka juu ya ile uliyonayo. Lazima uiondoe ya kwanza, na sevu zako zinaondoka nayo. Pia umeiruhusu simu yako kupokea programu kutoka kwa mtu usiyemjua, kwenye simu ileile yenye pesa zako za mtandao. Sitasema zaidi.

Na wale wanaouziana sevu za mtu aliyemaliza? Inafanya kazi, kwa maana mbaya. Ukiweka kumbukumbu nzima ya mwenzako, gemu inaamini umeshasoma kila kitu. Ukibonyeza Skip, inaruka hadi mistari ambayo macho yako hayajawahi kuiona, na unafika mwisho mzuri bila kujua umefikaje. Umelipia muhtasari.

Neno moja kuhusu mwisho mbaya wenyewe, kwa kuwa hofu hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye kufuta. Fate/stay night ina miisho mibaya 40, na baada ya kila mmoja unaingizwa kwenye kipande cha vichekesho ambapo mwalimu anakueleza ulipoteleza na kukugongea muhuri. Kuna watu wanaitafuta yote 40 kwa makusudi. Mwandishi aliyeandika kifo chako kwa uangalifu kiasi hicho hakutegemea ukimbie.

Haya, la kufanya. Kila ukifikishiwa uchaguzi, sevu kabla ya kujibu, kwenye nafasi mpya, usiandike juu ya ile ya zamani. Ukisahau, fungua ukurasa wa kupakia sevu utafute ule wenye herufi A: Ren'Py hujisevu yenyewe penye chaguzi, na kwa kawaida huweka nafasi 10 kwa zamu. Ukijibu vibaya sasa hivi, usisevu wala usifunge. Rudisha nyuma, kwa kitufe cha Back au Page Up, kwa kawaida hadi hatua 100. Mzunguko wa kwanza cheza bila mwongozo wa mtu. Wa pili, anza toka mwanzo, bonyeza Skip, na hakikisha kwenye mipangilio kwamba Unseen Text haijawashwa. Geuza majibu kwa mhusika mmoja kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kilibadilisha nini. Andika kwenye karatasi. Ukikwama kabisa tafuta mwongozo, si aibu, lakini tazama toleo, kwa sababu gemu ikiboreshwa njia huhama.

Kubadilisha simu: gemu mpya kadhaa za Ren'Py zina sehemu ya Sync, inakupa msimbo unaouingiza kwenye kifaa cha pili. Isipokuwepo, chukua waya na kompyuta, ingia Android, data, folda ya gemu, files, saves, nakili yote, na fanya hivyo kabla hujaifuta ya zamani. Kwenye Android 11 na kuendelea usisumbuke kutafuta folda hiyo ndani ya simu yenyewe, imefungwa. Nafasi ikijaa, futa muvi.

Gemu za mtandaoni ni ukoo mwingine. Choices ya Pixelberry na Episode ya Pocket Gems kwa kawaida hazikuruhusu kurudi hatua moja nyuma. Unaanza upya sura au kitabu, na funguo au pasi zinakwisha, na majibu matamu yanauzwa kwa almasi au vito. Unganisha akaunti kabla hujagusa chochote, maana anayecheza kama mgeni akiondoa programu anaweza kukosa alichonunua. Mystic Messenger inakwenda kwa saa halisi kwa siku 11, na mazungumzo mengine yanafunguka usiku wa manane. Kama umeme wa kwenu unakatika au simu unaichajia kibandani, usianze mzunguko wa pili wa gemu hiyo wiki ya mvua. Utakosa mazungumzo, mwisho utakuwa mbaya, na utaniandikia kuuliza kama uifute.