Sarafu Mpya Yenye Sura ya Uzee

Mtu akishika sarafu ambayo maandishi yake yamefifia, jambo la kwanza limjialo ni kuwa imechakaa kwa kupita mikono mingi. Aghalabu huwa kweli. Lakini ziko sarafu zitokazo kiwandani zikiwa tayari na sura ya uzee, na mzee hapo si sarafu bali ni muhuri uliozipiga. Asiyejua kupambanua hayo mawili huenda akauza chema kwa bei ya kutupa, au akanunua taka kwa bei ya lulu.

Sarafu hupigwa baina ya mihuri miwili ya chuma cha pua. Kisahani cha madini kisicho na chapa huwekwa katikati kikagandamizwa kwa nguvu kubwa mno, na madini yakatambaa kuelekea ukingoni huku yakijaza mashimo ya muhuri. Kutambaa huko ndiko kunakoula muhuri. Kila pigo huukwangua kidogo tu, lakini mapigo huweza kufika mamia ya maelfu. Nikeli, kwa ugumu wake, huumaliza upesi kuliko shaba.

Dalili ya kwanza itafute pale patupu pasipo sura wala maandishi. Badala ya kuwa laini, huwa na michirizi myembamba iendayo ukingoni, au vipele kama ganda la chungwa. Herufi nazo huvimba, pembe zake zikapoteza ukali, hasa zile za karibu na ukingo. Muhuri ukipata ufa, sarafu haionyeshi mfereji bali mstari ulioinuka, kwani madini yameingia ndani ya ufa huo.

Sasa igeuzegeuze chini ya taa. Iliyochakaa mikononi hulika kwanza palipoinuka, kama vile shavuni au kwenye nywele, na hapo mng'aro hufa. Iliyopigwa kwa muhuri mchovu hung'aa kote, hata pale palipofifia.

Kisa mashuhuri cha mambo haya ni cha Marekani. Mwaka 1955 kiwanda cha Philadelphia kilipiga senti zenye sura ya Rais Lincoln kwa muhuri uliokuwa na kasoro tangu kuundwa kwake. Muhuri huo ulipotiwa chapa mara ya pili haukukaa pale pale, basi mwaka na maandishi yote ya upande wa sura yakatoka mara mbili, wazi hata kwa macho matupu. Senti zipatazo 20,000 na zaidi ziliponyoka zikaingia mitaani. Leo moja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Lakini mwaka huo huo ziko senti nyingine ambazo tarakimu 5 ya mwisho ina kivuli ubavuni. Hizo zilitokana na mihuri iliyochakaa tu, na wakusanyaji, kwa mzaha, huziita pacha wa maskini. Bei yake ni ndogo sana. Katika ile ya kweli kila herufi imerudiwa, na mpaka kati ya umbo moja na jingine unaonekana dhahiri. Katika hii, kivuli hakina mwisho uliokatika, ni kama wino uliolowa maji. Ukiona kivuli kwenye tarakimu moja tu, funga mkoba wako.

Wakati mwingine ukarabati hushinda uchakavu kwa kuharibu. Huko Denver, mwaka 1937, muhuri wa senti tano ulisuguliwa kupita kiasi ili kuondoa makovu, na mguu mmoja wa mbele wa nyati ukafutika, kwato ikabaki peke yake. Nyati huyo wa miguu mitatu ana wapenzi wengi.

Wafanyabiashara wa Arabuni walikuwa na jicho hili zamani. Riale ya Maria Theresa huandikwa 1780 hata ikipigwa karne ya 20, hivyo mwaka haukuwafaa kitu. Walitazama lulu za kwenye bizimu yake, moja moja.

Msomaji atakaye kujizoeza na azikusanye sarafu zetu zilizotolewa Desemba 2018, kwa mfano shilingi kumi za simba. Azipange kumi za mwaka mmoja kwa safu, achukue kioo cha kukuzia, na aanze na herufi zilizo karibu na ukingo.