Siri ya 'chubwi' na 'zumbukuku': Mbona baadhi ya maneno huchekesha sikio?

MWAMBIE mtoto wa darasa la pili kwamba jiwe lilianguka majini, naye atakutazama tu. Mwambie kwamba jiwe lilianguka majini chubwi, naye atacheka, kisha atakusihi ulirudie neno hilo.

Jiwe ni lile lile na maji ni yale yale. Kilichoongezeka ni sauti tu. Je, neno hilo dogo lina nini hata likamfurahisha mtoto kiasi hicho? Na mbona mtu mzima akiitwa zumbukuku, wasikiao huangua kicheko hata kabla ya kujua kosa alilotenda?

Huenda msomaji akaliona suala hili kuwa la mzaha. Hata hivyo, linagusa namna tunavyowafunza watoto wetu lugha na, muhimu zaidi, namna tunavyowatendea wenzetu ambao matamshi yao si kama yetu.

Neno na kitu

Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba uhusiano baina ya neno na kitu kinachotajwa ni wa nasibu. Mnyama tunayemwita mbwa kwa Kiswahili huitwa guok kwa Kijaluo na ngui kwa Kikuyu. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalobweka. Ni makubaliano ya wasemaji tu.

Kwa maneno mengi, kauli hiyo haina pingamizi. Aidha, inatukinga dhidi ya kubahatisha. Wapo wadhanio kwamba neno bunduki lilibuniwa kwa kuiga mlio wa silaha hiyo, ilhali asili yake ni Kiarabu. Kwa upande mwingine, pikipiki ilipata jina lake kutokana na mlio wa injini yake, na anayelitamka polepole atausikia.

Lakini kuna kundi la maneno ambalo haliitii kanuni ya Saussure kikamilifu. Haya ni yale ambayo walimu wetu huyaita tanakali za sauti, na wengine viigizi. Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyefunza Afrika Kusini, aliyatenga maneno haya kama aina maalumu ya maneno katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu istilahi za sarufi ya Kibantu. Lugha za Kibantu zina utajiri mkubwa wa maneno hayo, na Kiswahili hakikuachwa nyuma.

Tazama kitendo cha kuanguka. Kitu kikianguka majini, huanguka chubwi. Kikianguka mchangani, huanguka tifu. Kikianguka sakafuni, huanguka pu. Asiyekijua Kiswahili vyema hangeambiwa mengi ili atambue ni lipi kati ya hayo matatu ni la vumbi. Sauti /f/ hutamkwa kwa kupuliza pumzi kati ya meno na mdomo, kama vile mavumbi yanavyofumka. Katika pu, midomo hufungwa kisha hewa ikafyatuka mara moja na kwisha, mithili ya gunia linapotua.

Si ajabu basi kwamba wahenga walitegemea maneno haya walipotaka kusema jambo la maana. Methali isemayo 'chururu si ndo ndo ndo' haina kitenzi wala nomino ya kawaida. Ina milio miwili tu: maji yanayotiririka mfululizo na maji yanayodondoka tone baada ya tone. Msikilizaji huisikia tofauti hiyo kabla ya kuifikiria.

Ladha ya kuvunja kanuni

Tanakali hupendeza kwa sababu nyingine pia. Hukiuka desturi za kawaida za lugha.

Nomino na vitenzi vya Kiswahili aghalabu huwa na silabi mbili au zaidi, na mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa sikiliza maneno haya: pu, jii, ndi. Ni silabi moja moja, na msemaji huyatamka kwa nguvu, kwa kuyavuta au kwa kuyakata ghafla. Watu wakinyamaza jii, irabu yenyewe hurefuka kama kimya kinachoelezwa. Mlango ukifungwa ndi, hapana nafasi iliyobaki hata ya kupitisha sauti.

Mengine hurudia silabi moja: mtu hulala fofofo, nguo huwa nyeupe pepepe au nyeusi tititi, naye aliyefiwa hulia kwikwikwi. Marudio hayo huyafanya maneno yawe kama ngoma ndogo katikati ya sentensi. Mtoto ambaye bado anajifunza kusema huanza kwa silabi za kurudia vivyo hivyo, kwa hiyo sikio letu liliyazoea marudio hayo tangu utotoni.

Wataalamu wamelipima jambo hili

Mwaka 1929, mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler aliandika kuhusu michoro miwili, mmoja wa mviringo mviringo na mwingine wenye pembe kali. Aliwataka watu waamue ni upi unaofaa kuitwa takete na upi baluma, maneno yasiyo na maana yoyote. Walio wengi walimpa takete yule mwenye pembe.

Mwaka huo huo, Edward Sapir wa Marekani aliwauliza watu iwapo mil na mal, maneno aliyoyabuni, yangekuwa majina ya meza mbili, ni ipi ingekuwa kubwa. Wengi walichagua mal. Unapotamka /a/ kinywa hufunguka wazi, na unapotamka /i/ nafasi iliyo kinywani hupungua.

Mnamo 2001, Ramachandran na Hubbard walilifufua jaribio la Köhler kwa maneno bouba na kiki, na majibu yakafanana na yale ya awali. Swali lililobaki ni iwapo jambo hili ni la watu wote au la wasomi wa Ulaya na Marekani pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Aleksandra Ćwiek waliwajaribu watu 917 wanaozungumza lugha 25 tofauti. Kwa jumla, asilimia 72 ya majibu yaliliweka bouba kwenye umbo la mviringo na kiki kwenye umbo la pembe.

Asilimia 72 si 100, na hilo lafaa kukumbukwa. Huu ni mwelekeo tu, wala si sheria. Kiswahili chenyewe kinatupa ushahidi wa pande zote mbili. Kiambishi ki- chenye /i/ hudunisha, kama katika kitoto. Lakini ji-, ambacho pia kina /i/, hukuza, kama katika jitu. Nalo neno dogo lina /o/ mbili nene, ilhali linataja udogo.

Kicheko hutoka wapi?

Mpaka hapa tumeeleza kwa nini baadhi ya maneno hupendeza. Kuchekesha ni jambo tofauti kidogo.

Nchini Kanada, mwanasaikolojia Chris Westbury wa Chuo Kikuu cha Alberta alikuwa akitumia maneno ya kubuni katika majaribio na wagonjwa wenye matatizo ya lugha. Akagundua kwamba baadhi ya maneno hayo, kama vile snunkoople, yaliwachekesha. Yeye na wenzake waliamua kuyapima mengi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Walibainisha kwamba kadiri neno lilivyokuwa mbali na mpangilio wa kawaida wa herufi za Kiingereza, ndivyo lilivyoelekea kuchekesha zaidi.

Matokeo hayo yanaafikiana na hoja ya kale ya wanafalsafa, akiwemo Schopenhauer, kwamba mtu hucheka anapotarajia hiki akakutana na kile.

Turudi kwa zumbukuku. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mjinga, na matatu kati yake ni zuzu, mbumbumbu na zumbukuku. Yachunguze irabu zake. Ni /u/ tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho! Midomo hubaki imechongoka wakati wote, na silabi hujirudia kama mtu anayezunguka pale pale bila kufika. Zumbukuku nalo humalizikia kwa kuku, na taswira ya ndege huyo akihangaika uani haiwezi kukosa kumjia msikilizaji.

Lakini tusiipe sauti sifa isiyo yake. Neno uchungu lina /u/ tatu na hakuna anayelicheka. Utungu wa uzazi vilevile. Sauti husindikiza maana. Haiwezi kusafiri peke yake.

Hata matusi yana sauti zake. Shiri Lev-Ari na Ryan McKay wa Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, walichunguza matusi ya lugha kadhaa zisizo na uhusiano wa karibu, zikiwemo Kihindi, Kikorea na Kirusi. Waligundua kwamba sauti laini kama /l/, /w/ na /y/ ni haba katika matusi. Yaonekana anayetaka kuudhi hukwepa sauti zinazoteleza.

Kicheko kinapoumiza

Ni hapa ambapo suala hili linaacha kuwa la mzaha.

Ikiwa neno huchekesha kwa sababu limekwenda kinyume na matarajio, basi kinachochekesha hakimo katika neno. Kimo katika sikio la anayesikiliza. Sauti /ng'/ hupatikana mwishoni mwa maneno mengi ya Kiingereza, lakini haianzi neno hata moja. Mwingereza akiambiwa atamke ng'ombe au ng'arisha huona kichekesho. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe tu. Kinyume chake, sisi huona ajabu konsonanti tatu zikisongamana mwanzoni mwa neno la Kiingereza bila irabu ya kuzitenganisha.

Sasa liangalie darasa la Kenya, lenye watoto waliotoka katika jamii mbalimbali. Kikuyu hakina sauti /l/, kwa hiyo mwanafunzi aliyekulia katika lugha hiyo huweza kusema rara badala ya lala. Kijaluo hakina /sh/ wala /z/, na aliyekilelewa huweza kusema samba badala ya shamba. Nao wengi wetu wa bara huiacha /gh/ na kusema gali badala ya ghali, kisha tukajisahau.

Wenzake hucheka. Mwalimu naye, badala ya kunyamazisha kicheko hicho, wakati mwingine hukiongoza. Pengine mtoto huyo hatainua mkono tena muhula mzima. Atafanya mtihani na kuandika vyema, lakini Kiswahili cha kinywani atakiogopa hadi utu uzima. Wengi miongoni mwetu tunawajua watu wazima wanaokimbilia lugha nyingine kila wanaposimama mbele ya umma, wala si kwa sababu hawakijui Kiswahili.

Matamshi sanifu yafaa kufunzwa, na kwa bidii. Lakini mtoto huyo hajakosa akili. Ulimi wake umefuata kanuni za lugha yake ya mama kwa uaminifu, sawasawa na Mwingereza mbele ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba Mwingereza hachekwi.

Walimu wafanyeje?

Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wanafunzi walikariri orodha ndefu za tanakali ili kujibu swali moja au mawili. Waliyaandika daftarini kimya kimya: anguka majini, chubwi, anguka mchangani, tifu. Maneno yaliyoundwa kwa ajili ya sikio yakageuzwa kuwa ya jicho, nayo yakasahaulika mara baada ya mtihani.

Njia iliyo bora ni ya zamani kuliko mitihani. Watoto wasikilizishwe kwanza. Jiwe litoswe ndooni, kiatu kiangushwe sakafuni, kisha waulizwe wamesikia nini. Watafiti nchini Uholanzi walionyesha mwaka 2016 kwamba Waholanzi walikumbuka tanakali za Kijapani vyema zaidi walipofunzwa maana zake halisi kuliko walipopewa maana zilizo kinyume. Iwapo mgeni husaidiwa na sauti hizo, sembuse mtoto wetu ambaye lugha yake ya mama huenda ina tanakali zake tele?

Na aulizwe hizo pia. Mtoto wa Kikamba aseme jiwe huliaje majini kwao, na wa Kiluhya vilevile. Siku hiyo darasa zima litacheka, lakini litacheka pamoja, na yule ambaye jana alichekwa kwa kusema samba atakuwa na neno ambalo wenzake hawalijui na wanatamani kulijaribu.