Mtoto asiwe mkalimani wa mamake

Yanapozungumzwa masaibu ya familia za Kiafrika zilizohamia Ulaya, aghalabu husikika habari za ubaguzi wa rangi, ukosefu wa kazi na makali ya baridi. Liko jambo jingine lisilotajwa sana, nalo ndilo linalonishughulisha leo nikiwa mwanaisimu. Ni nani azungumzaye kwa niaba ya familia ngeni inapofika hospitalini, shuleni au katika ofisi ya serikali? Mara nyingi ni mtoto.

Kati ya mwaka 2004 na 2020, Uingereza ilikuwa na mpango ulioitwa Gateway, ambao kwao wakimbizi walichukuliwa kutoka nchi walikokimbilia na kupewa makao katika miji kama vile Sheffield, Hull na Norwich. Miongoni mwao walikuwamo Wakongo wasemao Kiswahili. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika mji mmoja wa kaskazini mwa nchi hiyo, nilizoeana na familia moja kutoka Kivu. Binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka 11, alikuwa amekinasa Kiingereza shuleni kwa muda usiozidi mwaka mmoja, ilhali mamake alikuwa bado anababia maneno. Mama huyo alipopatwa na maradhi ya kizazi, binti ndiye aliyeketi baina yake na daktari. Baadaye aliniambia, mwanamke kwa mwanamke mwenziwe, kwamba hakumweleza daktari hata nusu ya yaliyomsibu. Angeyasemaje mbele ya mwanawe?

Hospitali za umma nchini humo zinatakiwa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo. Safari ya pili alipatikana mmoja, kwa simu. Baba akaanza kueleza kwamba "bibi" yake ni mgonjwa. Hapa Kenya wengi wangemwelewa, maana kwetu pia bibi ni mke. Mkalimani alizoea Kiswahili ambacho bibi ni mzaa mama au mzaa baba, na kwa dakika kadhaa daktari akawa anauliza maswali kuhusu ajuza asiyekuwako. Tarehe nazo baba alizitaja kwa Kifaransa, kama wafanyavyo Wakongo wengi, na mkalimani hakukijua. Katika fomu ya hospitali lugha ya familia hiyo iliandikwa "Kiswahili", basi. Sisi wanaisimu tumeandika mengi juu ya lahaja, lakini sijui kama tumewahi kumwandikia karani wa hospitali.

Athari zake nyumbani zilikuwa kubwa kuliko hizo za hospitalini. Binti alijua kodi inayodaiwa, alijua barua ya idara ya uhamiaji ilisema nini, alijua hofu za wazazi wake kabla hawajamweleza. Barua ya shule iliyolalamikia uzembe wake mwenyewe, yeye ndiye aliyewafasiria wazazi. Mwalimu asomaye makala hii anaweza kukisia tafsiri hiyo ilikuwaje. Baba alianza kumwomba ruhusa katika mambo ambayo yeye ndiye aliyepaswa kuyaamua.

Msaada ulitoka kwa Wakongo wenyewe. Akina mama waliokuwa wakikutana katika ukumbi wa kanisa walipatana kwamba mwenye Kiingereza kidogo na umri wa kutosha amsindikize mwenziwe hospitalini. Safari ya tatu mama yule alikwenda na jirani wa makamo, naye binti akabaki shuleni.

Mbinu ya jamii kujitegemea namna hii ina historia nchini Uingereza. Mnamo mwaka 1971, Bernard Coard, mwalimu aliyetoka Grenada, alichapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba watoto wa asili ya Karibiani walikuwa wakipelekwa kwa wingi katika shule za waliodhaniwa kuwa wazito wa akili, na kwamba lahaja yao ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowaponza katika majaribio. Wazazi waliongeza juhudi katika shule za Jumamosi, wakafundisha wenyewe. Lakini Ripoti ya Swann ya mwaka 1985 ilipopendekeza kwamba kuhifadhi lugha za nyumbani kuwe ni kazi ya jamii zenyewe, nadhani ilizitwika jamii hizo mzigo ambao ulipasa kubebwa pamoja na serikali. Ukumbi wa kanisa hauajiri wakalimani.

Nisije nikadhaniwa nawanyoshea kidole Waingereza peke yao. Kambi ya Kakuma ipo tangu mwaka 1992, na familia za Wakongo, Wasudan Kusini na Wasomali zinaishi jijini Nairobi pia. Mtoto wa Kikongo asemaye "mutoto" na "muntu" huchekwa darasani, na asipojua Kiingereza huenda akarudishwa akae na watoto wadogo, hata kama hesabu anaziweza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inazungumzia kuwajumuisha wageni hao na wenyeji. Katika shule zetu, siku ya mkutano wa wazazi, mtoto huyo huyo ndiye anayesimamishwa kati ya mwalimu na mamake aeleze alama zake mwenyewe.

Muhula ujao, kabla ya siku hiyo kufika, mwalimu mkuu na aulize ni mtu mzima gani wa jamii hiyo anayeweza kuja, naye alipwe nauli.