Mafuta mepesi ya moteri: juu ya nini 0W-20 si mafuta dhaifu

Shoferi anafika garaji kufanya vidanje ya gari yake ndogo ya esansi, iliyotoka Japani. Kwenye kizibo cha moteri kumeandikwa 0W-20. Fundi anafungua bidoni, anaona mafuta yanatiririka karibu kama maji, na anaamua kutia 20W-50, juu anaona mafuta mazito ndiyo yanalinda. Kwa moteri za zamani alizojifunzia kazi, ana haki. Kwa moteri hii, hapana.

Namba hizo zina maana gani? Ya kwanza, yenye W, inaonyesha namna mafuta yanatembea kwenye baridi, moteri ikiwashwa. Ya pili inaonyesha uzito wake moteri ikiwa moto, kwenye digri 100.

Mafuta yakiwa mazito, pampu inatumia nguvu nyingi kuyasukuma. Nguvu hiyo inalipwa kwa esansi. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari, na Wajapani wakiwa mbele, walitafuta mafuta mepesi zaidi. Shirika la SAE la Marekani, linalopanga ngazi hizo, liliongeza ngazi ya 16 mwaka 2013, kisha 12 na 8 mwaka 2015. Esansi inayookolewa ni asilimia chache tu, lakini kwa anayetembea kila siku inahesabika.

Kazi haikuwa kupunguza uzito tu. Mafuta mepesi ya kawaida yangegeuka mvuke upesi, na vyuma vingegusana. Basi wataalamu walichukua mafuta yaliyosafishwa sana, wakatia dawa ndani: za zinki na fosfori zinazoacha ngozi nyembamba juu ya chuma, na za molibdeni zinazopunguza msuguano. Moteri nayo ilichongwa upya, nafasi kati ya vyuma zikapimwa kwa mafuta hayo.

Ukitia 20W-50 ndani yake, asubuhi mafuta yanachelewa kufika juu, wakati ndipo vyuma vinaumia zaidi. Katika moteri nyingi za leo, presha ya mafuta ndiyo inageuza saa ya kufunguka kwa vali, kupitia vijia vyembamba. Mafuta mazito yanachelewesha kazi hiyo.

Lakini mafuta mepesi si dawa ya kila gari. Moteri ya zamani iliyotengenezwa kwa mafuta mazito, ukiipa 0W-20, presha inaweza kushuka na vyuma vikaanza kulana. Tena, vitabu vingine vya gari vinaruhusu ngazi ya juu kidogo, kama 5W-30, kwa anayebeba mizigo mizito.

Kwa hiyo, mbele ya vidanje, tazama kizibo au kitabu cha gari, na umwonyeshe fundi. Hata kitabu kikiwa cha Kijapani, namba zinasomeka. Bei ya bidoni moja ni kidogo mbele ya bei ya moteri.